Barua ya wazi: Mjusi wa Tanga yuko Cape Town, na karatasi za miamba yetu zinaliwa na mchwa

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga. Mkurugenzi wa Jiji la Tanga. Mtendaji Mkuu wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma. Na Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mkazi wa Chumbageni. Nilisimama mbele ya ubao kwa miaka 31, na karibu kila mwaka niliwachukua wanafunzi wa kidato cha tatu tukaenda Mapango ya Amboni, kwa gari hadi Kiomoni na kipande kilichobaki kwa miguu. Mwaka mmoja, tukiwa ndani, tochi zikimulika mawe yanayoning'inia kama nguo zilizoanikwa, nikawaeleza kuwa jiwe hili lote la chokaa lilitandikwa chini ya bahari, zama za Jurasiki, miaka zaidi ya milioni 150 iliyopita. Binti mmoja akauliza: "Mwalimu, nani alilijua hilo? Alijuaje, na aliliandika wapi?"

Nilimjibu kwamba limo kitabuni. Lilikuwa jibu la kumnyamazisha mtoto, nalo limenikaa kooni hadi leo. Kitabu kilikuwa na sentensi moja juu ya Amboni, na binti yule aliijua sentensi hiyo kwa moyo. Alichotaka ni kujua imetoka wapi.

Tangu nistaafu nimekuwa nikilifuatilia swali lake. Nawaandikieni kwa sababu jibu lipo, tena ni zuri kuliko nilivyotarajia, ila limetawanyika Berlin, London, Cape Town, Dodoma na Dar es Salaam, na sehemu ndogo iliyobaki hapa hapa Tanga inaoza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunalo. Limewekwa majumbani mwa watu wengine.

Niruhusuni nianze na mjusi, maana yeye ndiye aliyeninyima usingizi.

Karibu na mji huu, mahali paitwapo Mizimbini, kuna matabaka ya mawe yaliyotokana na matope na mchanga wa kale sana, kabla hata ya bahari ya Amboni. Wanajiolojia huyaweka katika kundi la Karoo, jina lililotoka nyanda za Afrika Kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mjiolojia aitwaye F. P. Mennell aliokota humo mifupa ya mnyama aliyegandamana na jiwe. Mifupa ikasafirishwa hadi Cape Town, na mwaka 1924 Sidney Haughton akaielezea katika jarida la Chama cha Jiolojia cha London. Akampa mnyama huyo jina Tangasaurus mennelli, yaani mjusi wa Tanga, wa Mennell.

Waheshimiwa, someni jina hilo tena. Tanga. Liko katika makabati ya sayansi ya dunia nzima kwa miaka 100 sasa. Mwaka 1982 mtaalamu wa Kanada, Philip Currie, aliifanyia mifupa ile uchunguzi upya, na ukoo mzima wa viumbe wa namna hiyo unaitwa Tangasauridae, watoto wa Tanga. Mjusi mwenyewe aliishi zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, na mifupa yake iko katika makumbusho ya Iziko, Cape Town, ikiwa na namba zake. Nimewauliza walimu wenzangu, waongoza watalii, vijana wa bodaboda pale stendi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikia.

Mjusi huyu ana ndugu wa karibu, Hovasaurus, aliyekutwa Madagaska, na baadhi ya mifupa ya Hovasaurus imekutwa na vijiwe tumboni, alivyovimeza akiwa hai. Ndugu wawili, mmoja upande huu wa bahari na mwingine ule. Wakati wao Madagaska ilikuwa imeungana na bara, imelala ubavuni mwa pwani hii ya mashariki ya Afrika. Baadaye nchi ikapasuka, maji ya bahari yakaingia taratibu, na katika bahari hiyo changa ndipo chokaa ya Amboni ilipojitandika. Kwa hiyo binti yule alipokuwa amesimama pangoni, alikuwa amesimama juu ya ushahidi wa nchi mbili kuagana. Ningelijua hilo siku ile, ningemwambia. Sikulijua kwa kuwa karatasi inayolieleza haikuwa mahali ambapo mwalimu wa Tanga angeweza kuifikia.

Sasa, nani alianza kuandika? Wa mapema katika wale niliowafuatilia ni Joseph Thomson, kijana wa Uskochi aliyesomea jiolojia Edinburgh. Mwanzoni mwa 1879, akiwa ndio kwanza anatimiza miaka 21, yeye na kiongozi wake Keith Johnston walitoka Unguja wakapanda hadi Usambara kama safari ya majaribio kabla ya safari kubwa ya maziwa. Maelezo yake juu ya miamba ya Usambara yalichapishwa mwaka huo huo na Chama cha Kifalme cha Kijiografia, London. Miezi michache baadaye Johnston alifariki Behobeho, na kijana huyo akaongoza msafara hadi mwisho, akimtegemea Chuma, yule yule aliyeusindikiza mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo. Thomson alirudi tena Afrika Mashariki mwaka 1881, safari hii ametumwa na Sultani Barghash kutafuta makaa ya mawe bonde la Ruvuma. Hakupata makaa ya maana. Nataja safari hiyo ili tukumbuke kuwa mtu aliyepiga jiwe nyundo enzi zile aghalabu alikuwa ametumwa na mwenye haja ya mali, na karatasi zake zisomwe kwa kulijua hilo.

Wakaja Wajerumani. Wilhelm Bornhardt, mhandisi wa migodi, alizunguka koloni lao miaka ya 1890, na kitabu chake kuhusu sura ya nchi na jiolojia yake kilitoka Berlin mwaka 1900. Ndiye aliyeipa dunia neno la Kijerumani lenye maana ya mlima-kisiwa, kwa ajili ya vile vilima vya mawe vinavyochomoza peke yake katikati ya uwanda. Baada ya vita wakaja Waingereza, na katika miaka ya 1920 idara ya upimaji wa miamba ikaanzishwa, mama wa taasisi iliyopo Dodoma leo. Miaka ya 1950 BP na Shell wakaipekua pwani yote wakitafuta mafuta. Sehemu kubwa ya waliyoyaona ilikusanywa na P. E. Kent na wenzake katika kitabu cha jiolojia ya pwani ya Tanzania kilichochapishwa London mwaka 1971. Ramani zipo, madaftari yapo, barua zipo. Watu husema juu ya Tanga, waja leo waondoka leo. Hawa nao walikuja wakaondoka, na mawe yetu mkobani.

Lakini si wote walioondoka na kila kitu. Hapa naomba mnivumilie, maana nakuja Amani, na Amani nina mapenzi nayo.

Kituo cha utafiti cha Amani, kule juu Usambara Mashariki, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Waingereza walipokichukua, alifanya kazi pale mkemia wa udongo aitwaye Geoffrey Milne. Alizunguka Tanganyika na nchi jirani akitazama jambo ambalo kila mkulima analiona, lakini hakuna aliyekuwa amelipa nafasi katika ramani: udongo haubadiliki ovyo ovyo, hubadilika kwa kufuata mteremko. Kileleni mwekundu, ubavuni wa kijivu au wa mchanga, bondeni mweusi unaonata miguuni wakati wa masika. Ukivuka bonde, mfululizo ule ule unaanza upya kwa kurudi nyuma. Milne akauita mfululizo huo katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na mwaka 1936 Amani ikatoa ramani ya muda ya udongo wa Afrika Mashariki. Leo mwanafunzi wa udongo akiwa Brazil au Australia hujifunza neno katena. Hujifunza pia neno mbuga, ambalo wataalamu walilichukua kwetu kama lilivyo kulitaja lile bonde jeusi.

Mtu anaweza kusema Milne hakugundua chochote, wakulima walijua. Mimi nasema wote wawili ni kweli. Mkulima wa Muheza anajua udongo wa mhogo na udongo wa mpunga bila kufundishwa na mtu. Milne alijua kulinganisha vilima elfu na kuandika. Tukiwa na nyaraka mkononi tunaweza kuona mahali ujuzi wa mmoja ulipoingia katika kalamu ya mwingine. Tusipokuwa nazo, tunabaki kubishana barazani.

Ndiyo maana nasisitiza madaftari ya asili, si vitabu vilivyochapishwa peke yake. Kitabu husafishwa, daftari halisafishwi. Tazameni Tendaguru, Lindi, ambako kuanzia 1909 hadi 1913 zilichimbwa tani zipatazo 250 za mifupa ya dinosaria na kupelekwa Berlin. Aliyesimamia uchimbaji na kuyasoma mawe yale kwa macho yake alikuwa Boheti bin Amrani. Kwa kuwa waliofanya naye kazi waliliandika jina lake, mwaka 2007 mtaalamu mmoja aliweza kumpa dinosaria wa Tendaguru jina Australodocus bohetii. Karibu miaka 100 baadaye, heshima ikamfikia mwenyewe. Mjusi wa Mizimbini amebeba jina la mji na jina la mgeni. Nani alikuwa ameshika sururu siku ile? Nani alisema, bwana, njoo uone hapa? Swali la namna hiyo hujibiwa na daftari la malipo, na orodha ya vibarua, na barua ya posho; vitu ambavyo mtu asiyejua huvitazama akaona takataka.

Na hapa ndipo uchungu wangu ulipo.

Miaka michache iliyopita niliingia katika ofisi moja, sitaitaja, kuulizia ramani za zamani. Kijana wa stoo alinipokea vizuri akanipeleka nyuma. Dari lilikuwa limevuja misimu kadhaa. Makasha yalikuwa yamepangwa moja juu ya jingine hadi ukutani, ya chini yamegeuka udongo kwa mchwa, na njia ya mchwa ilikuwa imepanda ukuta kama mshipa. Nikauliza yanapelekwa wapi. Akasema kesho yanachomwa, chumba kinatakiwa. Nikamsihi. Akaniambia, "Chukua unayoweza, mwalimu." Nilikuwa na baiskeli. Nilibeba makasha matatu kwa safari mbili, na niliporudi mara ya tatu kukata tamaa kulikuwa kumenitangulia: moshi.

Katika makasha yale matatu kuna kumbukumbu za visima vilivyotobolewa mashambani na vijijini, vingi vya wakati wa mkonge. Kila ukurasa una kina, rangi ya jiwe, ladha ya maji. Baadhi zimeandikwa kwa Kiingereza cha ofisini, lakini nyingine ziliandikwa na wasimamizi kwa Kiswahili, kwa penseli, kwa mkono wa haraka, wakitaja udongo mwekundu unaishia wapi, jiwe jeupe linaanzia wapi, maji ya chumvi yametokea futi ngapi. Nilikaa usiku mzima nikizisoma. Watu hao walikuwa wanajiolojia, hata kama hakuna aliyewaita hivyo.

Mkiniuliza faida yake ni nini kwa mwananchi wa leo, nitawapa mfano mmoja ninaoujua kwa macho yangu. Kijiji kimoja kaskazini mwa jiji kilichimbiwa kisima na mradi. Fedha nyingi zilitumika, pampu ikafungwa, watu wakapiga vigelegele, na maji yalipotoka yalikuwa ya chumvi, hayanyweki, hayapiki maharage. Pampu iko pale hadi leo, watoto huning'inia mpini wake. Baadaye, nikipanga yale makasha, nikakuta karatasi ya kisima cha zamani cha mahali hapo hapo. Imeandikwa wazi: chumvi, na kina chake. Karatasi moja ingeokoa fedha yote ile, na akina mama wasingeendelea kutembea saa nzima na ndoo kichwani.

Mkoa huu unajengwa kwa kasi. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani. Saruji inatengenezwa Pongwe kwa chokaa ile ile ya bahari ya kale. Kokoto zinavunjwa kila upande. Kila mradi mkubwa hutoboa ardhi kabla ya kuweka msingi, na kila tundu ni ukurasa mpya wa kitabu hiki. Kurasa za leo zisipowekwa mahali panapojulikana, wajukuu wetu watazitafuta kama mimi ninavyotafuta za miaka ya 1920.

Ninachokiomba si kikubwa. Naomba chumba. Kipatikane katika boma la zamani, ambako tayari kuna makumbusho ya Urithi, au Maktaba ya Mkoa, popote penye dari zima na mlango unaofungwa. Kiwe na ofisa mmoja aliyesomea utunzaji wa nyaraka, mashine ya kuskani, na rafu za chuma ambazo mchwa hazili. Naiomba taasisi yetu ya Dodoma, ambayo imetunza ripoti na ramani kwa zaidi ya vizazi vitatu na ninaiheshimu kwa hilo, ilete nakala za kila kinachohusu Tanga, Muheza, Pangani, Mkinga, Korogwe, Lushoto, Handeni na Kilindi. Mwanafunzi wa Tanga asilazimike kupanda basi hadi Dodoma kujua jiwe lililo chini ya kitanda chake.

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, kwako nina ombi la haraka kuliko yote, na halihitaji bajeti. Toa agizo kwamba hakuna ofisi ya umma mkoani itakayochoma au kuuza karatasi za ramani, visima, machimbo, reli au mashamba kabla ya ofisa wa nyaraka kuzipitia. Sheria ya mwaka 2002 ya usimamizi wa kumbukumbu na nyaraka ipo na utaratibu umewekwa. Kinachokosekana ni sauti yako kuwafikia watunza stoo. Kijana yule hakuwa na ubaya wowote. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Kwa Idara ya Nyaraka: majalada ya Kijerumani mliyonayo Dar es Salaam ni hazina, lakini wengi wetu hatusomi mwandiko wala lugha ile. Hata orodha tu, kwa Kiswahili, ya majalada yanayogusa migodi na upimaji wa ardhi ya Tanga, ingetufungulia mlango. Na mtakapowaandikia wenzenu wa Cape Town, kwa barua rasmi ya nchi kwa nchi, waombeni nakala ya plasta ya Tangasaurus. Sidai mifupa yenyewe irudi kesho. Mjadala huo ni mpana na una wenyewe. Nakala ya plasta inaenea mezani, na mtoto anaweza kuigusa.

Msisahau pia wazee walio hai: wachoma chokaa, wachimba visima, wavunja kokoto, waliokuwa wafanyakazi wa reli. Wao ni majalada yanayotembea, na kila mwaka tunawazika baadhi. Kijana mmoja mwenye simu ya kurekodi, akilipwa nauli na chai, angekusanya mengi kwa miezi sita.

Wapo watakaosema nyaraka zikiwa Ulaya ziko salama zaidi. Ni kweli wamezitunza, nami nawashukuru. Lakini hata kwao vitu hupotea kabatini: nakala ya mapema ya ramani ya jiolojia ya Uingereza iliyochorwa na William Smith mwaka 1815 ilikuwa haionekani kwa miongo kadhaa ndani ya jengo la Chama cha Jiolojia, London, hadi ilipokutwa mwaka 2014, salama kabisa, haina ila kuwekwa mahali pasipo pake. Walipoipata waliisafisha, wakaiskani, wakaiweka wazi kila mtu aione. Waliweza kuipata kwa sababu kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupekua. Sisi mtu huyo hatuna.

Binti aliyeniuliza swali pangoni sasa ni mwalimu, wilaya nyingine. Juzi alinipigia, nikamsimulia mjusi na Madagaska. Alinyamaza, kisha akauliza kama kuna picha ya kuwaonyesha wanafunzi wake. Nimemwambia asubiri barua hii ijibiwe.

Najua si halali nyaraka za umma kukaa katika nyumba ya mtu binafsi, nami nina umri. Sitaki siku nikiondoka watoto wangu wazione kama kuni. Makasha matatu yako sebuleni kwangu, nimeyainua juu ya matofali na kuyafunika turubai. Kurasa ni 412, nimezihesabu na kuzipa namba. Naomba mniambie niyapeleke mlango upi.

Wenu katika kazi,

Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Chumbageni, Tanga